Mlango wa Stoo

Fundi hakuwa mtu wa kusafiri. Kazi yake ilikuwa vitasa na kufuli, na watu wa kazi hiyo wana ugonjwa wao: wanajua jinsi mlango unavyofunguka kirahisi, kwa hiyo hawapati usingizi mzuri nyuma ya mlango wasioutengeneza wenyewe. Mkewe alikuwa kinyume chake kabisa. Alipokea wagonjwa dirishani katika hospitali moja, kutwa kucha anazungumza na watu asiowajua, na kwake kila mtu alikuwa mwema mpaka athibitishe vingine.

"Wewe ungezaliwa kufuli," alikuwa akimwambia, "ungekaa zako mlangoni, ungetulia."

Tangu walipooana mke huyu alikuwa na hamu moja, kuvuka mpaka. Hata kama ni kwenda kunywa maji tu na kurudi, lakini avuke. Mwaka ule akapata likizo, Fundi akaishiwa na visingizio, wakapanda basi kwenda nchi ya jirani, ambako watu wanasema lugha ileile ila kwa mdundo wao. Walikwenda na mtoto wao wa kike, mwenye miaka mitatu na ushee, ambaye nyumbani wote walimwita Chiriku. Tangu alipojua kusema hakuwahi kunyamaza ila akiwa amelala, na hata hapo si kila mara.

Pale mpakani ofisa wa uhamiaji aliinama akamwuliza mtoto kwa upole, "Huyu ni baba yako?"

"Hapana," Chiriku akasema. "Huyu ni Fundi."

Waliwekwa benchi. Mama Chiriku ilibidi afungue simu aonyeshe picha, za siku mtoto anatoka leba, za siku anaota jino, za Fundi amemweka mabegani, mpaka yule ofisa akaridhika. Mama Chiriku alicheka mpaka machozi yakamtoka. Fundi hakucheka. Safari inayoanza kwa baba kukanwa na mwanawe, alijisemea, haina heri.

Nyumba waliyopanga waliipata kwa simu, baada ya kuona picha zake. Nyumba nzima ilikuwa yao: vyumba viwili vya kulala, sebule, jiko, baraza la mbele lenye viti vya kamba, na uwani bembea. Ilikuwa katika mtaa mtulivu wa mji wenye vilima, mahali ambapo unasikia mtu akifagia nyumba ya tatu. Mwenye nyumba hawakumwona. Alikuwa kijana anayefanya kazi mji mwingine, akiwasiliana nao kwa simu. Aliwaambia ufunguo uko chini ya chungu cha maua.

"Chini ya chungu!" Fundi alisema akiuinua kwa vidole viwili, kama mtu aliyeokota mjusi. "Hawa watu hawana wezi au hawana akili?"

"Wana imani," mkewe akamjibu, akaingia ndani na mabegi.

Kulikuwa na sharti moja tu. Koridoni, mkabala na kile chumba kidogo ambacho wangemlaza mtoto, kulikuwa na mlango wa stoo. "Hiyo msiiguse," mwenye nyumba alikuwa amewaambia. "Ina vitu vya mama. Haijafunguliwa siku nyingi."

Fundi alipokwisha kukagua kila dirisha na kila komeo, alisimama mbele ya mlango ule. Kitasa kilikuwa cha chuma, cha kizamani, ulimi mnene, kazi ya watu waliokuwa hawana haraka. Lakini kingo za tundu la ufunguo ziling'aa. Akapitisha kidole kwenye bawaba, akakinusa. Mafuta ya kupikia, mabichi.

Akaenda jikoni. "Mlango ambao haujafunguliwa siku nyingi haupakwi mafuta," alisema.

"Baba Chiriku, tumekuja kupumzika."

"Nakwambia tu."

"Umeshaniambia. Sasa kapumzike."

Akajaribu kupumzika. Walikwenda bustani ya wanyama, Chiriku akamhoji kobe maswali yote aliyokuwa nayo duniani. Walikwenda kwenye bwawa la kuogelea la mji, wakarudi wamechoka, nywele zimejaa mchanga wa ile sehemu ya kuchezea watoto. Mke alikuwa na furaha, rangi imemrudi usoni. Fundi mwenyewe, siku ya kwanza, alikaribia kusahau.

Kisha vitu vikaanza. Vilikuwa vidogo, vya kumfanya mtu ajione mjinga akivisema. Kipande cha mkate alichokiacha mezani, akirudi hakipo. Kikombe kwenye rafu kimelowa, na wao wametoka tangu asubuhi. Ufagio uliokuwa nyuma ya mlango wa jiko sasa uko upande wa pili, na sakafu ni safi kuliko walivyoiacha. Ukutani sebuleni kulikuwa na misumari mitupu, na chini ya kila msumari alama ya mraba yenye rangi mpya, mahali palipokuwa na picha. Kwa nini mtu atoe picha zote za nyumba yake? Anaficha sura ya nani?

"Mwizi wa kufagia," mkewe akasema. "Mwombe apitie na chooni."

Lakini la Chiriku lilikuwa zito zaidi, ingawa lilianza kama kichekesho. Asubuhi moja mtoto alijiketisha kwenye kiti taratibu, mkono mmoja umeshika kiuno, akashusha pumzi ndefu akasema, "Viungo vyangu leo, acheni tu."

Mama yake alicheka nusura amwage chai. "Hayo umeyatoa wapi, wewe bibi kizee?"

"Kwa Bibi."

"Bibi yuko kwa baba mkubwa, mwanangu."

"Si huyo. Bibi wa chini."

Fundi akaweka kikombe mezani. "Chini wapi?"

Mtoto akashika biskuti mbili, moja akaitia mdomoni, ya pili akaifumbata. "Hii ya Bibi," alisema, akatokomea koridoni. Fundi alipomfuata alimkuta ameketi sakafuni mbele ya mlango wa stoo, mikono mitupu, anamweleza mlango habari za kobe.

"Watoto wote wana marafiki wa kufikirika," mke akasema, ingawa alikuwa amekuja naye kutazama. "Madaktari wetu wanasema ni dalili ya akili."

"Biskuti iko wapi?"

"Kaila."

"Zote mbili? Na mdomo mkavu hivi?"

Siku ile, kabla hawajatoka, Fundi alichomoa uzi kwenye pindo la shati lake, akaugandisha kwa sabuni kati ya mlango wa stoo na fremu yake, chini kabisa, mahali ambapo mtu mzima haangalii. Waliporudi mchana uzi ulikuwa umekatika.

"Upepo," mke akasema.

"Koridoni?"

Akampigia simu mwenye nyumba. Kijana alikuwa na sauti changamfu, sauti ya mtu anayeuza kitu hata wakati hauzi. Hapana, kaka, hakuna mtu mwingine mwenye ufunguo. Hapana, panya hakuna. Mama yake alikuwa amekwenda kwa mdogo wake, kama kawaida akija mgeni. "Poa kabisa, kaka, jiachieni. Mtoto analala vizuri lakini?"

Fundi alikata simu akabaki ameitazama. "Anauliza mtoto analala vizuri."

"Ni adabu hiyo."

"Hata siku tunapanga aliuliza mtoto ana umri gani. Umri wa mtoto wa nini kwa mtu anayekodisha nyumba?"

"Wa kitanda, Baba Chiriku! Aweke kitanda kikubwa au kidogo!"

Hata hivyo alimwona mkewe akipita koridoni akigusa kitasa cha stoo kwa kiganja, haraka, kama mtu anayepima pasi kama imeshapoa.

Siku iliyofuata walikula chakula cha mchana mapema, mtoto akazidiwa na usingizi, wakamlaza. Nywele zake zilikuwa vurugu tupu baada ya bwawa, na mama yake alisema atamsuka akiamka. Wao wakakaa barazani, redio ya jirani inaimba, na kwa mara ya kwanza tangu wafike Fundi alimchekesha mkewe. Alimwigiza yule ofisa wa mpakani. Mke naye akamwigiza Fundi benchini, midomo imemtoka mbele. Walicheka kama wachumba.

Chiriku akatokea mlangoni, macho bado mazito. Kichwani alikuwa na mistari miwili ya nywele iliyosukwa vizuri, imenyooka, ncha zimefungwa kwa uzi mweusi.

"Alaa, umependeza," Fundi akasema, akamgeukia mkewe. "Umemsuka saa ngapi?"

Mkewe alikuwa bado na tabasamu. "Si ulikwenda kumtazama wewe. Nikadhani…" Tabasamu likaisha. "Wewe hujui kusuka."

Wakatazamana. Mama Chiriku akamvuta mtoto mapajani, akampapasa kichwa, shingo, mikono, akamgeuza huku na huku. "Nani kakusuka, mama? Nani?"

"Bibi wa chini. Ametoka."

Aliyekuwa na imani na dunia nzima ndiye aliyesimama kwanza. Alimbeba mtoto akatoka naye langoni bila viatu, simu mkononi. "Ingia," alimwambia mumewe kwa sauti ambayo Fundi hakuwahi kuisikia. "Ingia ukaone ni nani."

Fundi akaingia. Mikono yake, kwa mazoea, ilikuwa imetulia. Alipiga magoti mbele ya mlango wa stoo akaweka jicho kwenye tundu la ufunguo. Giza. Akachomoa pini kwenye pochi yake, akaisukuma taratibu ndani ya tundu, na nusu ya njia ikagota chuma.

Ufunguo ulikuwa ndani ya kitasa, upande wa pili. Na ufunguo hauwezi kujitia wenyewe.

Aliinuka, akarudi nyuma hatua moja, akashika ufagio maana hapakuwa na kingine.

"Najua upo," alisema. "Ufunguo uko kwa ndani. Mimi kazi yangu ni hii. Fungua mwenyewe, au nifungue mimi."

Kisha kikatoka kikohozi, kikohozi cha mtu aliyekibana mpaka kikamshinda.

"Usinivunjie mlango, baba. Nafungua."

Ulimi wa kitasa ukarudi bila sauti, kwa yale mafuta. Aliyesimama pale alikuwa mwanamke mzee, mfupi, nguo zake safi zimepigwa pasi, viatu amevishika mkononi. Nyuma yake kulikuwa na godoro jembamba limeegemezwa ukutani, ndoo yenye kifuniko, kidirisha cha ukubwa wa sinia, na picha za familia zimepangwa sakafuni, zimeelekezana nyuso. Kwenye sahani kulikuwa na biskuti kadhaa.

"Nyingine nimekula," alisema alipoona Fundi anazitazama. "Sitakuficha."

"Uko na nani humu?"

"Nani mwingine atatosha humu, baba?"

Fundi hakumwamini. Alipita akatazama nyuma ya godoro, akainua kifuniko cha ndoo akajuta, akatikisa kidirisha. Hapakuwa na mtu, wala kamera, wala kitu chochote kati ya vile alivyokuwa ameviwaza. Kulikuwa na kanzu moja kuukuu ya kiume imening'inizwa kwenye msumari, na chupa ya maji.

"Wewe ni nani?"

"Mwenye nyumba."

"Mwenye nyumba nimezungumza naye kwa simu."

"Huyo ni mwanangu. Nyumba tulijenga mimi na marehemu baba yake."

Maneno hata mwizi anayo. Fundi akafikiri kidogo. "Taa ya uwani inawashwa wapi? Tangu tufike naitafuta swichi yake."

"Nyuma ya friji," mwanamke akajibu hapo hapo. "Marehemu aliiweka huko. Nilimwambia, mume wangu, mtu atawashaje? Akasema atakayeihitaji ataitafuta. Alikuwa mkaidi yule, Mungu amrehemu."

Fundi alikwenda jikoni akapenyeza mkono nyuma ya friji. Swichi ilikuwepo. Uwani taa ikawaka mchana kweupe.

Aliporudi koridoni mkewe alikuwa ameshaingia, mtoto kiunoni, uso umekunjamana. Chiriku ndiye peke yake aliyefurahi. "Bibi!" alisema. "Leo una miguu!"

"Nyamaza," mama yake akamwambia, na mtoto, kwa mshangao wa wote, akanyamaza. "Wewe umeingia alikolala mwanangu."

"Nimeingia," mwanamke akasema.

"Ukamshika kichwa chake."

"Nimemshika."

"Kwa nini? Tumekukosea nini?"

Yule mzee alivishusha viatu chini, akavipanga sawasawa kama vile bado hajaamua kama avivae. "Aliamka analia, mama. Nyinyi mlikuwa barazani, redio inaimba. Nilingoja mmsikie. Nilingoja sana, mkono kwenye kitasa. Kisha akaniita. Alinijua tangu siku ya kwanza, alipitisha vidole chini ya mlango akanikuta. Alikuwa anajivuta nywele, ngozi inamwasha. Nikamtoa mchanga. Nikamsuka. Akalala tena."

Fundi alikumbuka walivyokuwa wakicheka, akahisi uso wake unachoma.

"Hata hivyo," Mama Chiriku akasema, sauti imeshuka.

"Hata hivyo," mwanamke akakubali. "Ningekuwa wewe ningenipiga."

Wakamketisha jikoni. Hakukaa mpaka aambiwe mara mbili, jikoni mwake mwenyewe. Akawaeleza. Mwanawe ndiye aliyepata wazo la kukodisha nyumba kwa wasafiri. Alikuwa akifanya kazi za zamu ya usiku kwenye baridi, na kifua chake si kizima tangu utoto. Sasa nyumba inamsaidia, ameacha zile zamu. Mgeni akija, mama anakwenda kwa mdogo wake. Ndivyo walivyopatana.

"Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe," alisema. "Mimi shemeji yangu alinipa jembe siku ya kwanza. Alisema mbele ya watoto, huyu kageuza nyumba yangu gesti ya bure. Mdogo wangu akainamisha kichwa. Sikurudi tena."

"Na mwanao hajui?" Fundi akauliza.

"Anajua niko huko, nakula, nalala, nasimulia hadithi. Ananipigia kila jioni, namwambia kwema. Mkitoka natoka, nanyoosha miguu, nafagia kidogo. Mkirudi naingia. Wageni wengine hawana mtoto, hawajui lolote." Alimtazama Mama Chiriku. "Nakuombeni kitu kimoja tu. Msimwambie. Ataacha kukodisha, arudi kwenye baridi."

Mama Chiriku alikuwa ameshika simu yake kwa mikono miwili. "Nimeshampigia," alisema. "Nikiwa kule langoni. Nilimwambia kuna mtu kwenye stoo na naita polisi. Akasema nisiite, anakuja."

Yule mzee aliinuka kama mwenye miaka ishirini. Alikwenda stoo, akavuta mfuko wa nguo, akavaa viatu. Alitaka kutoka kwa mlango wa uwani kabla mwanawe hajafika, aende wapi hata yeye hakujua. Kwa jirani, msikitini, kanisani, popote penye benchi. Na Fundi, ambaye tangu siku ya kwanza alikuwa akitaka kilichomo stoo kitoke, akajikuta amesimama mlangoni ametanua mikono asimwache apite.

"Sikiliza, mama," alisema. "Mimi nilisimama pale na ufagio. Mgeni atakayekuja baada yetu anaweza kusimama na panga. Hatakuuliza jina."

Mwanamke alikaa juu ya mfuko wake. Hakulia. Alikuwa akitazama sakafu aliyoifagia mwenyewe.

Mwanawe alifika alasiri kwa gari la kuazima, akaligonga geti kwa ngumi. Alikuwa kijana mwembamba, anahema kwa sauti. Hakuwasalimia. Alipomwona mama yake ameketi koridoni na mfuko wa nguo, mtoto mgeni amemlalia magotini, aliwageukia Fundi na mkewe macho yamemtoka.

"Mmemfanya nini mama yangu? Nani alimleta hapa? Mmemtoa kwa mdogo wake mumlete awe yaya wenu?"

"Sisi?" Fundi akasema. "Wewe ndiye unayeulizwa! Unatuwekea mtu stoo, unatuuliza mtoto analala vizuri—"

"Nauliza wageni wote wenye watoto! Kitanda kile kina ubao mbovu!"

"Nilikwambia," Mama Chiriku akamnong'oneza mumewe.

"Acheni kelele, mtoto amelala," yule mzee akasema, na wanaume wawili wakanyamaza kama wanafunzi. "Njoo hapa, mwanangu. Hakuna aliyenileta. Sikwenda."

Kijana aliutazama mlango wa stoo uliokuwa wazi. Aliingia. Walimsikia akisogeza kitu, kisha hawakumsikia tena. Fundi alichungulia. Kijana alikuwa amesimama katikati ya chumba kile, mabega karibu yanagusa kuta, anatazama godoro.

"Ni safari hii tu?" aliuliza bila kugeuka.

Ungedhani mama yake anatafuta uongo wa mwisho, akaukosa.

"Zote," alisema.

Kijana alikaa juu ya ile ndoo, kwa suruali yake nzuri ya kazini, akafunika uso kwa mikono. Fundi akauvuta mlango taratibu, akauacha wazi kidogo, akaenda kumsaidia mkewe kuchemsha maji.

Jioni ile kijana alitaka kuwatafutia hoteli kwa gharama yake. Mama Chiriku akakataa. Alisema mwenye nyumba alale chumbani mwake, wao watatu watajibana kwenye kile chumba kidogo, na kijana sebuleni, basi. Ndivyo walivyomalizia likizo yao. Usidhani ilikuwa raha tupu. Yule mzee hakujua tena namna ya kuishi kwake kukiwa na wageni. Aliomba ruhusa kuchemsha maji, alitembea ukutani-ukutani. Fundi naye, haya anayo lakini tabia haina dawa, kila mtoto alipolala aliegemeza kiti mlangoni. Mkewe alikiona kile kiti. Safari hii hakumtania.

Kijana aliondoa tangazo la nyumba kwenye simu mbele yao. Alisema atakodisha chumba kimoja tu, mama akiwemo, na atakayetaka nyumba nzima aende kwingine. Kuhusu zile zamu hakusema kitu, na mama yake hakuacha kumtazama kifua kila alipokohoa. Siku ya kuondoka aliwapeleka stendi mwenyewe. Aliposhusha mabegi alimwuliza Fundi, "Kweli mngeita polisi?"

"Ningeita."

"Mimi pia, njiani nilikuwa nafikiria kuwaitia nyinyi hao polisi."

Wakapeana mikono. Hawakuwa marafiki, lakini kila mmoja alikuwa amemjua mwenzake.

Basi lilipovuka mpaka, Mama Chiriku alimgeukia mumewe. Akauliza, "Mama yako anapokwambia kwa simu kwamba hajambo, huwa unaamini?"

Mama yake Fundi aliishi kwa mwanawe mkubwa, kaka yake Fundi, nje kidogo ya mji wao. Kila Jumapili walizungumza. Hajambo? Hajambo. Anakula? Anakula.

"Huwa naamini," Fundi akasema. Kisha akaongeza, "Ila sijawahi kutazama."

Hawakupitia nyumbani. Waliposhuka walikodi gari moja kwa moja mpaka kwa kaka, mabegi na vumbi la safari, bila kupiga simu. Mama mtu alikuwa uwani anachambua mchele. Alipowaona alisimama, ungo mkononi, uso umebadilika.

"Kuna msiba?"

"Hakuna, mama. Tumekuja kukusalimu."

"Kunisalimu? Na mabegi? Katikati ya wiki?"

Fundi alikuwa ameshapita ndani. Alitazama chumba cha mama yake: kitanda, neti, dirisha, komeo la mlango ambalo lilikuwa ndani na lilifanya kazi. Akabonyeza godoro. Akafungua kabati. Mama yake alimfuata mpaka mlangoni, akamkuta ameinama anatazama chini ya kitanda.

"Unatafuta nini humo?"

"Hakuna, mama."

"Baba," alisema yule mama polepole, akimtazama mwanawe, akimtazama mkwewe aliyekuwa amesimama koridoni anafuta macho, "nyinyi mmeniletea jambo. Ketini hapo mniambie mnaficha nini."